Mwanafunzi wa tiba kwenye irijansi (idara ya dharura): namna ya kufanya zamu ya kwanza Goma

Daktari wa zamu anataka vitu viwili kutoka kwa mwanafunzi wa staji (mafunzo ya vitendo): namba alizozipima kweli, na mdomo unaosema mapema. Mengine yote yatakuja. Mwanafunzi anayebuni mapigo ya moyo kwa sababu foleni ni ndefu ni hatari kuliko yule asiyejua kitu, maana karatasi yake itaaminiwa.

Kabla ya kupokea zamu

Fika dakika 30 mapema. Mfukoni uwe na saa yenye mshale wa sekunde, peni mbili, tochi ndogo, mkasi, daftari na glavu za akiba. Usitegemee simu kuwa saa. Utaishika kwa mikono yenye damu, kisha utaiweka kwenye shavu.

Zunguka na muuguzi mkuu wa zamu, mwite kwa heshima, na mwombe akuonyeshe kila kitu kilipo. Washa mashine ya oksijeni uone kama inafika lita 5 kwa dakika. Ujue pia mtungi wa akiba uko wapi na nani ana ufunguo wake, maana umeme ukikatika, mashine inazimika palepale. Chukua puto la kupumulishia, ziba tundu la upande wa mgonjwa kwa kiganja, ulikamue: likilegea bila kukaza, lina tundu au vali imewekwa vibaya. Angalia tarehe ya vibanzi vya kupimia sukari. Kibanzi kilichopitwa na wakati au kilichokaa kwenye unyevu hutoa namba ya uongo.

Mlangoni: nani anaingia kwanza

Hospitali nyingi hupanga wagonjwa kwa rangi. Kwenye mpango wa Afrika Kusini, nyekundu huonwa papo hapo, machungwa ndani ya dakika 10, njano ndani ya saa 1, kijani ndani ya saa 4. Alama za mtu mzima hutokana na namna anavyotembea, pumzi, mapigo, presha, joto, fahamu, na kama ameumia. Zikifika 7, ni nyekundu. 5 au 6 ni machungwa.

Pumzi ndiyo inayoharibiwa zaidi. Hesabu kwa sekunde 60 kamili, mgonjwa akiwa hajui unahesabu; shika mkono wake kana kwamba unapima mapigo. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa 4, kosa la pumzi moja hugeuka pumzi nne. Kwa mtu mzima pumzi 20 ni alama 1, pumzi 21 ni alama 2, na 30 kwenda juu ni alama 3. Kosa hilo dogo linatosha kumwacha mgonjwa wa machungwa kwenye benchi la njano.

Kabla ya kumgusa mtu mwenye homa anayetapika au anayetoka damu, pitia maswali ya uchunguzi wa mlangoni. Goma ilithibitisha mgonjwa wake wa kwanza wa Ebola Julai 2019, na kipindupindu hakijawahi kuwa mgeni hapa. Mwenye kuhara maji kama ya mchele apelekwe upande wa kipindupindu, ila akiwa amezimia, mshipa wa kumpa maji utafutwe kwanza.

Kuuliza kwa lugha ya mgonjwa

Umesoma kwa Kifaransa, lakini mgonjwa ataumwa kwa Kiswahili. Akisema “roho inapiga mbio”, anazungumzia moyo. Uliza kwa maneno ya nyumbani: “Mama, alikula mara ya mwisho wakati gani? Kabla ya kuja hapa mulimupa dawa gani, hata ya miti?” Swali la dawa ya miti liulizwe bila kukunja uso, la sivyo jibu litakuwa “hapana” kila mara. Saa nazo uzihakikishe. Saa mbili ya Kiswahili na saa mbili ya Kifaransa hutofautiana kwa saa 6, kwa hiyo andika 08:00 au 20:00.

Aliyekutwa amelala shambani, kwenye shimo au kwenye ufa wa mawe ya volkano, uliza kuhusu mazuku. Hiyo hewa ya kaboni dioksaidi ni nzito, hukaa chini, na huwahi watoto kabla ya watu wazima. Uliza pia kama aliyeenda kumtoa naye ameanguka. Familia iliyolala na mbabula (jiko) ya makala, yaani makaa, ndani ya nyumba iliyofungwa ni jambo jingine: hiyo ni kaboni monoksaidi, na hapo kipimo cha oksijeni cha kidole kitakudanganya. Kitaonyesha 98 wakati mwili unakosa oksijeni. Usiiamini namba hiyo. Mgonjwa apewe oksijeni nyingi iwezekanavyo, kwa barakoa yenye mfuko. Kwa wengine, kumbuka kwamba kidole baridi, rangi ya kucha na mgonjwa anayetikisika hushusha namba bila sababu, basi pasha mkono moto na upime tena kabla ya kupiga kelele.

Mtoto asiyeamka

Hapa ndipo mwanafunzi anaweza kuokoa maisha kwa tone moja la damu. Mtoto yeyote mwenye degedege au fahamu hafifu apimwe sukari ndani ya dakika za mwanzo, hata kama malaria inaonekana wazi, kwa sababu malaria kali yenyewe hushusha sukari. Chini ya 45 mg/dl (chini ya 54 kwa mwenye utapiamlo mkali) hutibiwa kwa glukosi 10%, ml 5 kwa kila kilo.

Mara nyingi kabatini kuna 50% tu. Changanya sehemu 1 ya hiyo na sehemu 4 za maji ya sindano. Kwa mtoto wa kilo 16 unahitaji ml 80: ml 16 za glukosi 50% na ml 64 za maji. Ukiisukuma 50% bila kuipunguza, inaunguza mshipa. Pima tena baada ya dakika 30. Sukari hupanda, kisha huanguka tena kama hakuna serumu (maji ya dripu) ya glukosi au chakula kinachofuata.

Artesuneti, sindano ya malaria kali, ina mtego wake. Chini ya kilo 20 dozi ni mg 3 kwa kilo. Kuanzia kilo 20, mg 2.4. Chupa ya mg 60 huyeyushwa kwa ml 1 ya bikarbonati hadi iwe angavu, kisha huongezwa ml 5 za maji ya chumvi kwa mshipa, au ml 2 kwa msuli. Kwa mshipa ml 1 ina mg 10, kwa msuli ina mg 20. Anayetayarisha ya msuli na kuvuta kipimo cha mshipa humpa mtoto dozi mara mbili. Dawa itumike ndani ya saa 1, irudiwe saa ya 12 na ya 24. Na mtoto apimwe kwenye mizani. Uzito wa kukisia huharibu hesabu zote hizi.

Ajali ya moto (pikipiki)

Motari (dereva wa moto) na abiria wake wakiingia pamoja, anayelia anapumua. Nenda kwanza kwa aliyenyamaza. Bonyeza kidonda kinachovuja kwa mkono, bila kuinua kitambaa kila dakika kuangalia. Mtu mzima anayetoka damu nyingi anahitaji kateta (mirija ya mshipa) mbili nene, kijivu au kijani. Ya waridi ni nyembamba mno. Ukikosa mshipa mara mbili, mwite mkubwa wako. Asidi traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwa dakika 10, hufaa ndani ya saa 3 tangu kuumia, kwa hiyo saa ya ajali iandikwe juu kabisa ya karatasi.

Serumu ya kawaida ikipimwa kwa mpira wa matone 20 kwa ml 1, gawa ml za kila saa kwa 3 upate matone ya dakika. Lita 1 kwa saa 8 ni matone 42.

Kumwita daktari, na kukabidhi

Fuata mpangilio: hali, historia, tathmini, ombi. “Daktari, ni mwanafunzi wa zamu, kitanda cha 3. Mtoto wa miaka 4, kilo 16, haamki tangu asubuhi. Homa siku tatu, hajapata dawa. Pumzi 44, mapigo 150, saturasio (oksijeni ya damu) 91, sukari 38. Oksijeni imewekwa, glukosi inatayarishwa. Naomba uje sasa.” Ombi likikosekana, atajibu “sawa” na kuendelea na kazi yake.

Ukichomwa na sindano, osha kwa maji na sabuni bila kukamua, na useme saa hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU zianze mapema, zisipite saa 72, na humezwa siku 28. Wanaonyamaza kwa aibu hupoteza saa hizo bure.

Asubuhi kabidhi kando ya vitanda. Kwa kila mgonjwa taja kilichofanyika, kinachosubiriwa maabara, na dozi inayofuata ni saa ngapi. Dawa ambazo familia imetumwa kununua ziandike zote kwenye karatasi moja, ili mama asipande na kushuka mara tatu akimwacha mtoto peke yake.