Kuifuatilia ripoti ya legesheni ya Riga hadi kwenye chanzo chake

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari anayo ripoti moja ya Wamarekani kuhusu Urusi ya miaka ya 1920 au mwanzoni mwa 1930, na anataka kuinukuu kwenye tasnifu au makala. Usiinukuu bado.

Kwanza ujue ilikotoka. Marekani ilizitambua Latvia, Estonia na Lithuania Julai 1922, lakini serikali ya Kisovieti haikuitambua hadi Novemba 1933. Miaka hiyo yote Washington haikuwa na ubalozi Moscow, ikawa inachungulia kutokea Riga, mji mkuu wa Latvia. Pale palikuwa na legesheni, yaani ofisi ya kibalozi inayoongozwa na mjumbe wa cheo cha waziri badala ya balozi kamili. Ndani yake kitengo cha Urusi kilisoma magazeti na sheria za Kisovieti, kikawahoji wasafiri na wakimbizi, kisha kikaandika. Mwanadiplomasia George Kennan alifanya kazi hapo kuanzia 1931 hadi 1933. Jambo la kukaa nalo kichwani ni kwamba waandishi wa ripoti hizi walikuwa wanaieleza nchi wasiyoweza kuikanyaga.

Hatua ya 1: Isome namba ya jalada

Masijala ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitumia namba za desimali. Chukua 861.00/ ikifuatiwa na tarakimu. Namba 8 ni mambo ya ndani ya nchi, 61 ni Urusi, .00 ni siasa, na kinachofuata mkwaju ni nafasi ya hati ndani ya jalada. Ikianza na 7, hayo ni mahusiano ya nchi mbili: 761.62 ni Urusi na Ujerumani. Uchumi ni 861.50, hali ya maisha 861.5017, kilimo 861.61, reli 861.77.

Namba ya despachi (barua ya kidiplomasia, tazama hatua ya 3) iliyoandikwa juu ya barua ni kitu kingine kabisa. Hiyo waliitoa Riga wenyewe, ile ya jalada iliwekwa Washington. Andika zote mbili.

Hatua ya 2: Itafute hati yenyewe

Majalada ya wizara yako kwenye kundi RG 59 la Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Marekani, College Park, Maryland. Ya 1910 hadi 1929 kuhusu Urusi yamo pia kwenye maikrofilamu M316, mikanda 177. Nakala zilizobaki Riga ziko RG 84. Ukifika mahali pa hati ukakuta karatasi moja tu inayokuelekeza kwenye namba nyingine, ifuate, maana hati halisi imewekwa huko. Mkanda ukikushinda, tumia orodha za muhtasari za M973, ambazo zinataja kila hati kwa mstari mmoja au miwili.

Hatua ya 3: Tenganisha simu na despachi

Simu ya maandishi ilikuwa fupi, mara nyingi kwa msimbo. Despachi ni barua ndefu iliyosafiri kwenye mfuko wa kidiplomasia pamoja na viambatisho.

Ukitumia juzuu rasmi zilizochapishwa za hati za kidiplomasia za Marekani, angalia kama juu ya simu pana neno kwenye mabano linaloonyesha kwamba maneno yamegeuzwa. Walibadilisha maneno makusudi ili mtu asije akalinganisha chapisho na simu ya msimbo aliyoinasa, akauvunja msimbo. Kwa hiyo maana ni yao, lakini maneno siyo. Kuyaweka hayo ndani ya alama za kunukuu kana kwamba ni ya mwandishi ni kosa. Juzuu hizo ni nzuri kwa kuanzia tu. Anayemaliza utafiti wake humo amesoma kile wahariri walichomchagulia.

Hatua ya 4: Chora mstari wa tarehe

Zinatakiwa tarehe nne: ya tukio, ya chanzo (siku gazeti lilipotoka au msafiri alipovuka mpaka), ya kutiwa saini Riga, na ya muhuri wa kupokelewa Washington. Ya nne ndiyo inayorukwa, wakati ndiyo inayokuambia kama ripoti iliwahi uamuzi au ilifika umeshafanyika. Mihuri huwa zaidi ya mmoja. Unaoutaka zaidi ni wa idara ya Ulaya Mashariki, iliyokuwa chini ya Robert F. Kelley kwa sehemu kubwa ya kipindi hiki, kwa sababu ndiyo iliyosoma na kuhukumu.

Hatua ya 5: Mtafute aliyesema kwanza

Hapa ndipo kazi zinapoharibikia. Mtu anakuta Riga imesema jambo, Berlin imesema hilohilo, gazeti la London nalo limesema, anaandika "vyanzo vitatu vinathibitisha". Huenda ni chanzo kimoja kilichouzwa mara tatu. Riga na Berlin zilijaa wakimbizi wa Kirusi, na baadhi yao waliishi kwa kuuza karatasi "kutoka ndani ya Kremlin" kwa kila ofisi iliyokuwa na pesa. Mkimbizi wa Kirusi Vladimir Orlov alishtakiwa Berlin mwaka 1929 pamoja na mwenzake baada ya kuuza hati za kughushi zilizodai kuwa maseneta wa Marekani William Borah na George Norris walipokea fedha za Wasovieti. Miaka minane kabla, Septemba 1921, Uingereza ilikuwa imeipelekea Moscow malalamiko rasmi yenye madai dhidi yake, na Litvinov, ofisa wa mambo ya nje wa Kisovieti, akajibu kwamba madai hayo yameokotwa kwenye jarida la Berlin liitwalo Ostinformation.

Kwa hiyo, kwa kila dai, fanya hivi.

Funua viambatisho kabla ya kusoma barua. Kama kiambatisho ni tafsiri ya magazeti ya Kisovieti Pravda au Izvestia, litafute toleo lenyewe. Tafsiri hukatwa, na kilichokatwa mara nyingi ni ile sentensi yenye masharti.

Kama chanzo ni mtu, uliza alikuwa wapi, hadi lini, na angeweza kuona nini. Jalada la 861.5017 lina mahojiano ya wahandisi na wafanyakazi wa Kimarekani waliorudi kutoka Urusi, na kwangu lina thamani kuliko "taarifa za siri" nyingi. Mhandisi atakueleza mgawo wa mkate kiwandani kwake kwa usahihi. Akianza kueleza mipango ya Politburo, yaani kamati ya juu ya chama, funga daftari.

Kama chanzo ni "mtu wa kuaminika" asiye na jina, linganisha maneno, usiishie kwenye maana. Makosa ndiyo alama ya vidole: jina lililoandikwa vibaya kwa namna ileile, cheo kisichokuwepo, tarehe iliyokosewa sawasawa. Ripoti mbili zenye kosa moja zina mama mmoja.

Kagua vyeo na vichwa vya barua. Ile barua ya Zinoviev, iliyodaiwa kutumwa na kiongozi huyo wa Komintern (shirika la kimataifa la vyama vya kikomunisti) kwa wakomunisti wa Uingereza, yenye tarehe 15 Septemba 1924, ilifika kwa idara ya ujasusi ya Uingereza kupitia kituo chake cha Riga, ikachapishwa magazetini 25 Oktoba, siku nne kabla ya uchaguzi. Wasovieti walionyesha upesi kwamba jina la Komintern na cheo cha aliyetia saini havikuandikwa kama ilivyokuwa desturi. Mchunguzi makini angeweza kuyaona hayo siku ileile.

Kisha uthibitishe uthibitisho. Katika kisa hichohicho ilidaiwa kwamba wakala ndani ya chama cha kikomunisti cha Uingereza ameithibitisha barua. Taarifa yake ya awali ya maandishi haikuitaja barua hiyo hata kidogo. Habari hiyo iliongezwa baadaye na ofisa aliyemsimamia. Kwa hiyo daima dai karatasi ya kwanza, usikubali muhtasari wake.

Usipoupata mwanzo wa dai, liandike kama "Riga iliripoti kwamba". Ondoa "ilitokea".

Hatua ya 6: Soma upande wa Waingereza

Uko kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza, Kew, London, mfululizo FO 371 wa Wizara ya Mambo ya Nje. Namba huwa kama N, kisha namba ya karatasi, ya jalada, na mwisho 38, ambayo ni Urusi. N ni idara ya Kaskazini. Anza na dokezo kwenye gamba la nje, ambamo maofisa waliandika kama wanaiamini ripoti au wanaicheka. Ukikuta karatasi inayosema hati imezuiliwa chini ya kifungu cha 3(4) cha sheria ya kumbukumbu za umma, mara nyingi ni ya ujasusi. Iandike kama pengo.

Hatua ya 7: Hifadhi

Picha bila flashi, ya kwanza iwe gamba la jalada. Jina la picha lianze na namba ya hati. Orodha iwe ya safu na mistari, yenye tarehe zote nne na safu ya chanzo cha kwanza. Programu za madaftari ya kupendeza zitakuchosha ukifika hati ya mia mbili.

Njia hii inafanya kazi kwa legesheni nyingine pia. Kwa Addis Ababa, Wamarekani walitumia 884 kwa mambo ya ndani na 765.84 kwa mgogoro wa Italia na Ethiopia. Waingereza walitumia J, na mwisho 1. Anayetafiti mpaka wa kaskazini wa Kenya asiishie kwenye ripoti za Addis: atafute pia za makonseli wa Uingereza katika miji ya Mega na Maji, kusini mwa Ethiopia, kuhusu uvamizi wa mifugo, azilinganishe na za maofisa wa wilaya wa upande wa Kenya, na arudie hatua ya 5 kabla ya kuhesabu wangapi wamekubaliana.