Kabla Hujawasha Jiko la Kuyeyushia Risasi ya Chubwi

Kinachotoka kwenye mtutu wa bunduki tunakiita risasi, na madini laini ya kijivu tunayoyafunga kwenye mshipi ili ndoana izame nayo pia ni risasi. Ninayoizungumzia hapa ni hiyo ya pili, ya chubwi. Nimekulia pwani, nyumba ya wavuvi, na chubwi zetu nyingi tulizimimina wenyewe uani kwa risasi kuukuu iliyonunuliwa kwa kilo kwa wauza vyuma chakavu. Siwezi kumkataza mtu kazi iliyonilea. Lakini kuna mambo wazee wetu hawakuambiwa, na karibu yote huamuliwa kabla kiberiti hakijawashwa. Risasi ikishayeyuka, huna tena muda wa kutafuta koleo wala wa kuita mtu amtoe mtoto uani.

Anza na kuuliza nani anaishi hapo. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake hunyonya mara nne hadi tano zaidi ya mwili wa mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho, na Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Haimfanyi mtoto alie wala apate homa ya kukushtua. Inapunguza akili yake polepole, anakuwa mzito wa kushika masomo, mkali, hana utulivu, na nyumbani husemwa kwamba amekuwa mtundu. Kwa mama mjamzito ni hatari zaidi, maana risasi hujificha mifupani miaka na miaka, kisha wakati wa mimba hutoka na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hiyo ua wanakocheza watoto si mahali pa kazi hii, hata kama watoto wamelala. Wataamka, na vumbi litakuwa bado lipo.

Watu wa Mombasa hawahitaji kuhadithiwa sana. Mtaa wa Owino Uhuru ulipakana na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofanya kazi kuanzia 2007 hadi kilipofungwa 2014. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe ana sumu ya risasi mwilini, akaanza harakati zilizompatia Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Jiko la uani si kiwanda, lakini sumu ni ile ile na mtoto ni yule yule.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kuogopa moshi peke yake. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na ukiishikilia karibu na hapo mvuke wake ni mdogo. Unaongezeka sana joto likipita nyuzi 480 hivi. Adui mkubwa kwa kazi ndogo ya nyumbani ni ule unga wa kijivu na wa manjano unaoelea juu ya risasi iliyoyeyuka, ambao huenguliwa kwa upawa na kutupwa pembeni ya jiko. Ukikauka ni mwepesi kama poda. Unashika kwenye kanga, kwenye nywele, kwenye kandambili, kisha unaingia ndani na kukaa kwenye mkeka. Kwa hiyo tayarisha mapema kopo la bati lenye kifuniko, kavu kabisa, la kutilia unga huo ukiwa bado mzito na moto. Usisubiri upepo uje kukusaidia kuusambaza.

Sasa risasi yenyewe, umeipata wapi? Hapa usione haya kuwa mbishi kwa muuzaji. Mabamba ya risasi ya paa na mabomba ya zamani ni mazuri, laini, ukiyakwaruza kwa kucha yanaacha alama. Vile vizito vya kubalansi matairi vinafaa, lakini kagua kimoja kimoja, kwa sababu siku hizi vingi ni vya zinki au chuma. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani itaelea bila kuyeyuka, iengue. Ukiiona inaanza kulainika, moto wako umezidi.

Sahani za betri za gari usizilete nyumbani kabisa. Ndizo rahisi kupatikana, na ndizo mbaya kuliko zote. Zina asidi, zina unga wa risasi uliokwisha kusagika, na baadhi zina aseniki na antimoni zinazoweza kutoa gesi ya kuua. Na ukikuta ndani ya gunia risasi za bunduki zilizo nzima, zenye maganda yake, usizitie jikoni. Ziache hapo zilipo, waite polisi. Baruti haijali kwamba wewe unatafuta chubwi.

Baada ya hapo ni maji, na hapa nitakaa kidogo. Mjomba wangu alikuwa akimimina chubwi kwenye mchanga, vishimo kumi na viwili vilivyotobolewa kwa kijiti, kila kimoja na waya wa kutengenezea kitanzi. Kishimo cha tano kilikuwa na unyevu chini. Kililia kama mafuta yanapopata maji, kisha risasi yote ikaruka juu kwa mkupuo mmoja na kumnyeshea mkono hadi kwenye kiwiko. Matone yalishika ngozi na kuganda hapo hapo. Alibaki na madoa meupe maisha yake yote. Maji yakigeuka mvuke hutanuka takribani mara 1,600, na yakiwa chini ya risasi iliyoyeyuka hayana pa kutokea ila juu, pamoja na risasi.

Ndiyo maana mchanga wa ufukweni ni mtego. Unaonekana mkavu, lakini una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewa usiku kucha. Usuuze kwa maji ya bomba, uanike siku kadhaa, kisha ukaange kwenye karai kabla ya kuutumia. Umbo la kumiminia, la chuma au alumini, lipashwe moto. Upawa upashwe moto. Kipande cha risasi unachoongeza kwenye chungu chenye risasi iliyokwisha kuyeyuka kiwekwe kwanza ukingoni mwa jiko kipate joto, kwa sababu bomba kuukuu linaweza kuwa na tone la maji ndani. Funga kitambaa kichwani, jasho lisidondoke. Mawingu yakikusanyika, ahirisha. Na ndoo ya maji isiwe karibu. Weka ndoo ya mchanga mkavu, na maji ya kupoza ngozi iliyoungua yakae mbali, upande wa pili.

Chungu kiwe cha chuma. Sufuria ya alumini hulegea kwenye joto kali, na tena hukuonya haionyi. Kumbuka uzito: lita moja ya risasi ina zaidi ya kilo 11. Kijiko cha mezani cha mililita 15 kikijaa kinabeba gramu 170, yaani chubwi nzima ya maji ya kina. Yeyusha kilo mbili au tatu tu kwa mkupuo. Ukiona juu pameanza kung'aa rangi za dhahabu na buluu, punguza moto.

Simama upepo ukupige ubavuni. Ukiupa mgongo, hewa huzunguka mbele yako na kukurudishia moshi puani. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote cha maana; inahitajika yenye vichujio vya chembe ndogo kabisa. Viatu vya ngozi vilivyofunika, suruali ndefu iliyopita juu ya viatu na si kuchomekwa ndani, glavu za ngozi kavu, miwani. Usile, usivute sigara, usinywe hata kahawa mpaka umalize na kunawa kwa sabuni. Nguo zifuliwe peke yake. Sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiliwe.

Tena acheni kubana chubwi ndogo kwa meno. Nimeona wavuvi wazima wakifanya hivyo kila alfajiri, mate yakiwa ya kijivu. Koleo ndogo inatosha. Anayemimina mara kwa mara aende hospitali apimwe damu kiwango cha risasi.

Na kama huna ua mwingine, wala kichujio, wala pa kumpeleka mtoto, kuna plagi kuukuu za pikipiki, ambazo fundi atakupa bure. Zina shingo nzuri ya kufungia mshipi. Kuna nati kubwa na vipande vya nondo. Kuna mawe marefu ya mtoni, ambayo ukiyachonga mfuo mmoja katikati kwa tupa, mshipi unakaa humo hautelezi. Yanazama vizuri, na yakikwama mwambani unakata uzi, unafunga jingine.