Umbali wa ndege na saa za safari: piga hesabu mwenyewe, mfano Nairobi–Dar

Anza na herufi tatu za uwanja, si jina la mji. Nairobi ina NBO (Jomo Kenyatta) na WIL (Wilson). Dubai ina DXB na DWC.

Kisha tafuta latitudo na longitudo. NBO iko 1.32 kusini, 36.93 mashariki. DAR (uwanja wa Dar es Salaam) iko 6.88 kusini, 39.20 mashariki. Ukitoa unapata 5.56 na 2.27. Zidisha kila moja kwa yenyewe, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: digrii 6 hivi. Digrii moja ni kilometa 111, kwa hiyo ni kama kilometa 667. Uwanja mmoja ukiwa kaskazini ya ikweta, mfano Dubai, latitudo hujumlishwa badala ya kutolewa. Wengi huteleza hapo. Njia hii inatufaa sisi tulio jirani na ikweta. Kwa London au Beijing longitudo zinakuwa zimebanana, hivyo tumia kikokotoo cha duara kuu (kinachopima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia).

Muda sasa. Ndege ya jeti ikishatulia angani huenda kama kilometa 830 kwa saa. 667 gawanya kwa 830 ni saa 0.80. Hizo si dakika 80! Zidisha kwa 60: dakika 48. Ongeza nusu saa, maana ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho: kusogea hadi njia ya kurukia, kupanda, kupunguza mwendo, kujipanga kutua. Jumla saa 1 na dakika 18. Ndege ya pangaboi kama ATR 72, yenye mwendo wa kilometa 500 hivi, itachukua karibu saa 1 na dakika 50.

Kusoma tiketi ndiko kunakoponza watu zaidi kuliko hesabu. Saa zote zilizoandikwa ni za mahali husika. Tiketi ya Dar–Dubai ikisema kuondoka 16:45, kufika 23:15, usiseme safari ni saa sita na nusu. Dubai iko mbele kwa saa moja, kwa hiyo ni tano na nusu.

Halafu saa ya Kiswahili. 08:30 ya tiketi ni saa mbili na nusu asubuhi, na 14:00 ni saa nane mchana. Toa sita; ikiwa namba ya saa ni sita au chini yake, jumlisha sita; jibu likizidi 12, toa tena 12. Atakayekupokea mwandikie pia "asubuhi" au "usiku", asije akakusubiri saa nane za usiku.

Angalia sana 00:30. Tiketi ikiandika tarehe 12, saa 00:30, hiyo ni saa sita na nusu usiku wa kuamkia tarehe 12. Kama unatakiwa kufika saa tatu kabla ya ndege kuondoka, uwe uwanjani saa tatu na nusu usiku, tarehe 11.