Namna ya Kuchonga Kafi la Mtumbwi na Kunufaika na Utani wa Wenzako

Katika fukwe za Mikindani, Msimbati na Kitunda, ng'ambo ya mji wa Lindi, kafi jipya halipokewi kimya. Lenye bapa jembamba litaitwa mwiko, lenye bapa pana kupita kiasi litaitwa beleshi, na lenye mpini mnene litaitwa mchi, hata kabla mwenyewe hajalilowesha. Namshauri mchongaji autilie maanani utani huo, kwa sababu karibu kila jina la mzaha hutaja kasoro ambayo tezo bado inaweza kuirekebisha, na asiyesikiliza ataijua kasoro hiyo baadaye kwa maumivu ya mabega.

Anza na ubao mkavu ambao nyuzi zake zimenyooka kutoka mwanzo hadi mwisho, usio na kifundo hasa pale mpini unapokutana na bapa, kwa kuwa hapo ndipo makafi mengi huvunjika. Mninga unafaa sana, maana ukishakauka vizuri haupindi ovyo kwa unyevu. Mwembe hupatikana kwa urahisi na huchongeka bila taabu, ila huoza mapema. Mikoko usiikate, inalindwa kisheria, na kwa watu wa Msimbati imo pia ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Mpingo nao waachie wachonga vinyago, kwani ni mzito kuliko maji na kafi lake likikuponyoka litazama moja kwa moja. Mwenye kafi la mpingo huulizwa kama anakwenda kuvua au kutia nanga, na swali hilo ni la haki kabisa.

Kwa anayepiga kafi akiwa ameketi, kipimo cha kuanzia ni urefu wa kutoka ardhini hadi kidevuni akiwa amesimama. Bapa liwe na urefu wa shibiri mbili hivi, na upana wa sentimita 15 hadi 18. Mpini uwe na unene wa sentimita 3 au zaidi kidogo, kulingana na kiganja chako.

Chora mstari wa katikati kwenye pande zote za ubao na uulinde hadi mwisho wa kazi. Ukifutika, uchore upya kabla ya kuendelea. Toa umbo kwa tezo, ukipunguza kutoka katikati ya bapa kuelekea kingoni ili ubaki uti unaoshuka taratibu kutoka mpinini, kisha lainisha kwa randa na msasa. Usifanye haraka katika hatua hii, kwa sababu mbao iliyotolewa hairudi, na mchongaji anayesawazisha upande mmoja, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena, hujikuta ameubakiza huo mwiko anaochekewa.

Sasa lipeleke kwenye maji ya kina kifupi kabla ya kulipaka chochote. Vuta kwa nguvu mara kadhaa. Kafi likitetemeka au kujigeuza mkononi, nyuso zake mbili hazilingani. Waite wenzako walijaribu, wazee kwa vijana, na uwaache waseme. Mjukuu anaweza kuuliza, "Shikamoo babu. Hili ni kafi au mwiko wa ubwabwa?" naye babu akajibu, "Marahaba, mume mwenzangu. Wewe kalete sahani, mimi nitakupakulia bahari yote." Watacheka wote, lakini babu mwenye busara atalipima tena lile bapa. Likiwa jembamba kweli, hawezi kuliongezea mbao. Atampa mtoto alitumie, naye atachonga jingine.

Utani huu una mipaka yake. Hutaniwa kafi, hataniwi mtu kwa umaskini wake wa kukosa mbao nzuri. Vilevile, ukiona ufa katika kafi la mtu anayetaka kuondoka wakati maji yanakupwa na mkondo unavuta kwenda nje, acha mzaha, mwambie waziwazi na umwazime la kwako.

Ukiridhika na umbo, paka mafuta ya sifa, yaani mafuta ya papa, au mafuta ya kitani katika tabaka nyembamba, kila moja ikikauka kabla ya inayofuata. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo mikoa yetu haiyakosi, usiyapake kamwe kwenye mpini, kwani huunguza ngozi ya kiganja. Baada ya safari lisuuze kafi kwa maji yasiyo na chumvi, ulihifadhi kivulini likiwa limening'inizwa, maana likiachwa limeegemea ukuta juani litapinda, na wenzako watakuuliza ni lini ulianza kuchonga upinde.