Kuandika malengo ya muhula ukisomea lugha na tamaduni za Asia

Wanafunzi wengi ninaowafundisha huanza muhula na malengo kama "nataka kujua Kijapani" au "nataka kuelewa utamaduni wa Wachina". Hamu ipo, lakini mwisho wa muhula hakuna awezaye kusema kama lengo limetimia. Fanya hivi.

Hatua ya 1: Punguza eneo. Hanoi ya Vietnam na Lahore ya Pakistan zote ziko Asia, ila hazifanani kwa lugha, dini wala hati za kuandikia. Chagua lugha moja na jamii inayoizungumza.

Hatua ya 2: Tumia kitenzi ambacho mtu mwingine anaweza kukishuhudia: kusoma, kueleza, kulinganisha, kuandika. Hapa usiwe na haraka, maana ndipo kazi yote ilipo. Mfano: "Mwishoni mwa muhula nitamwandikia profesa barua pepe kwa Kijapani kuomba miadi, nikitumia lugha ya heshima kwa matendo yake na ya unyenyekevu kwa yangu." Huwezi kuandika barua hiyo kwa sarufi peke yake. Kijapani hubadili kitenzi kutegemea anayetenda ni nani na unamweka wapi ukilinganisha na wewe, kwa hiyo ni lazima uijue ngazi ya heshima kabla ya kuchagua neno. Ndiyo sababu siwaruhusu wanafunzi kutenga safu ya "lugha" na safu ya "utamaduni". Lengo zuri hubeba yote mawili.

Hatua ya 3: Pima ukubwa wa lengo kwa lugha yenyewe. Hangul, alfabeti ya Kikorea iliyotangazwa mwaka 1446 zama za Mfalme Sejong, leo ina herufi za msingi 24, na mwanafunzi makini huweza kuzisoma baada ya siku chache. Kijapani kina hiragana na katakana, hati mbili za silabi, kisha orodha rasmi ya kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 2,136 za matumizi ya kawaida, na hizo ni kazi ya miaka. Kwa Kichina sanifu, wiki za mwanzo zipe toni nne, yaani mipando na mishuko ya sauti inayobadili maana ya neno: *mā* ni mama, *mǎ* ni farasi. Lengo la kwanza liwe la sikio na mdomo.

Hatua ya 4: Mtihani wa kimataifa uwe kipimo kimojawapo tu. JLPT, mtihani wa umahiri wa Kijapani, ina ngazi tano, kuanzia N5 ya chini hadi N1 ya juu, lakini hupima msamiati, sarufi, kusoma na kusikiliza. Hauna sehemu ya kuzungumza. Ukilenga N4, ongeza lengo lako la mazungumzo.

Hatua ya 5: Kando ya kila lengo andika ushahidi utakaouonyesha, kwa mfano sauti uliyojirekodi au barua uliyoiandika bila kamusi. Katikati ya muhula mpelekee mwalimu ushahidi huo, na lengo lisilo na chochote cha kuonyesha liandikwe upya hapohapo.