Kudai nyumba zenye msaidizi kwa ndugu zetu wenye ulemavu: mambo ya kufanya kabla bajeti haijafungwa

Ombi la nyumba likifika ofisi ya Mkurugenzi wa halmashauri mwezi Machi, limekosa bajeti ya mwaka huo. Nimeona barua nyingi, zenye hoja nzuri kabisa, zikilala kwenye faili kwa sababu hiyo tu. Nilikuwa mtendaji wa kata huku Newala, mkoani Mtwara, mpaka nilipostaafu, najua faili linavyotembea na linapokwama. Siku hizi mimi ndiye ninayekaa kwenye benchi la kusubiri. Mdogo wangu ana mtindio wa ubongo, na tangu mama afariki amekuwa wa kuhamahama: leo kwa mjomba, msimu wa korosho kwa dada, ukiisha kwa binamu. Si kwamba hapendwi. Kila nyumba ina mzigo wake, na choo cha shimo hakifai kwa mtu asiyeweza kuchuchumaa.

Kwanza mkubaliane mnaomba nini. Ukitamka "makazi ya walemavu" watu wanawaza uzio, geti na mabweni. Huku kusini serikali ina makazi ya wazee na watu wasiojiweza, Nandanga upande wa Lindi na Mkaseka kule Masasi, na kwa mtu asiye na ndugu kabisa ni afadhali yawepo. Lakini mdogo wangu anajulikana kijiji kizima, anajua siku ya gulio, ana mahali pake anapokaa kwenye kahawa. Ukimhamishia wilaya nyingine umempa paa ukamnyang'anya watu. Na hilo si la hisia tu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unasema katika Ibara ya 19 kwamba mtu achague aishi wapi na nani, asilazimishwe kukaa kwenye makazi ya aina fulani, na apate huduma za kumsaidia kuishi ndani ya jamii, ikiwemo msaidizi binafsi. Mwaka uliofuata tukapata sheria yetu wenyewe, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya 2010. Zitaje zote mbili kwenye aya ya kwanza ya barua, kisha usizirudie. Ofisini hatupendi kuhubiriwa.

Kwa hiyo ombi liwe la nyumba ndogo, ya watu wawili au watatu, katikati ya majirani, pamoja na msaidizi anayelipwa. Nyumba bila msaidizi ni ghala la kumfungia mtu. Tena msaidizi ndiye mgumu kupatikana, kwa sababu nyumba hujengwa mara moja ikazinduliwa kwa picha, ila mshahara unadaiwa kila mwezi.

Kabla ya kuandika chochote, hesabuni watu. Sensa ya 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani, lakini ukimwambia hivyo diwani atatikisa kichwa na kuendelea na chai yake. Mletee hesabu ya kata yake, kitongoji kwa kitongoji. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji na mtu mwenye ulemavu anayeheshimika, mpige hodi nyumba kwa nyumba. Andika aina ya ulemavu, nani anamlea, na huyo anayelea ana umri gani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mama wa miaka 70 anayembeba mwanawe wa miaka 40 kumpeleka msalani ni hoja ambayo afisa mipango hawezi kuikwepa, kwa sababu anaweza kupiga hesabu ya miaka iliyobaki.

Zungumza na mwenyewe pia, ikiwezekana wenyeji wake wakiwa wametoka kidogo. Wengine hawataki kuhama kabisa, wanataka choo cha kukalia na mtu wa kuwasaidia asubuhi, basi. Hilo nalo ni ombi, na ni rahisi zaidi. Majina yabaki kwa afisa ustawi wa jamii. Kwenye barua weka idadi tu. Na tafadhali, msipige picha za watu wakitambaa mkazirusha kwenye makundi ya simu. Huko ni kudhalilisha, na wakubwa wakishaona picha wanaleta unga na sabuni, wanaondoka.

Kiwanja ndicho sisi wa vijijini tunaweza kukipata bila kumsubiri mtu wa mjini. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, halmashauri ya kijiji inagawa ardhi kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo unatakiwa ukae kila baada ya miezi mitatu. Mpelekee mtendaji wa kijiji ajenda mapema, kwa maandishi. Ukisubiri "mengineyo" utapewa dakika mbili, watu wameshasimama. Siku ya mkutano walete wenye ulemavu wenyewe, na mkalimani wa lugha ya alama kama kuna kiziwi. Wajomba wapitieni nyumbani kabla. Kwetu huku mjomba asipokubali, dada zake hawanyooshi mkono.

Mtaonyeshwa kiwanja cha mbali, huko mikorosho inakoishia. Kataeni kwa adabu. Mchanga wetu unameza magurudumu ya baiskeli ya magurudumu matatu hata karibu na barabara, sembuse huko. Kiwanja kiwe karibu na maji, zahanati na njia inayopitika masika. Mkishakubaliana, usiondoke bila nakala ya muhtasari yenye mhuri na orodha ya mahudhurio. "Njoo kesho uchukue" nimewahi kuisema mimi mwenyewe ofisini, najua maana yake.

Makisio ya gharama tafuteni kwa fundi wa kijijini, kisha mwombeni mhandisi wa halmashauri ayapitie. Mambo machache yasiachwe kwa busara ya fundi: mlango usiopungua sentimita 90, choo cha kukalia chenye vyuma vya kushikilia, tenki la kuvunia maji ya mvua, na njia ya mteremko ya 1 kwa 12. Maana yake, sakafu ikiwa juu sentimita 30, mteremko uwe na urefu wa mita 3.6. Mafundi wengi wanaweka wa mita moja, ukishuka nao unafikia pua.

Utaratibu wa wananchi kuinua boma, yaani kuta, na halmashauri kuezeka mnaujua kwenye madarasa na zahanati. Utumieni, ila anzeni na nyumba moja, na msipandishe tofali kabla ya kupata jibu la maandishi kwamba umaliziaji utaingia kwenye mpango. Maboma yaliyoota miti ndani yanatosha.

Sasa kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza 1 Julai, lakini vipaumbele vya vijiji na kata hukusanywa miezi ya mwisho ya mwaka uliotangulia. Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji Septemba au Oktoba, Kamati ya Maendeleo ya Kata Novemba, na barua iwe masjala ya halmashauri kabla ya Desemba kuisha. Kwetu kuna bahati ya ziada: huo ndio msimu wa minada ya korosho, na ushuru wa asilimia 3 unaingia halmashauri. Diwani anayesikia bei ya mnada imepanda husikiliza vizuri zaidi. Mfuateni kabla hajaingia kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango. Mambo huamuliwa humo, baraza kamili mara nyingi linapitisha tu.

Barua iwe ya kurasa mbili: idadi, kiwanja, makisio, na maombi mawili yaliyotenganishwa. La kwanza ni umaliziaji wa nyumba. La pili ni kasma, yaani fungu la bajeti, ya wasaidizi wa mkataba, kutoka mapato ya ndani, chini ya ustawi wa jamii. Mkiyachanganya, watajibu la kwanza na kunyamazia la pili. Ambatisha muhtasari. Nakala kwa mkuu wa wilaya, mbunge na viongozi wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu, walio karibu nanyi. Nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Majibu mawili mtayapata bila shaka. Moja: "Mbona mna asilimia 2 yenu?" Hiyo ni mikopo isiyo na riba kwa ajili ya biashara, sehemu ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayogawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Inarejeshwa. Huwezi kumlipa msaidizi wa kumwogesha mtu kwa mkopo. Jibu la pili: "Tutazingatia bajeti ijayo." Hapo ulizeni ipi, na mwombe iandikwe. Wakikaa kimya, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, Na. 6 ya 2016, inawapa siku 30 kujibu ombi la taarifa. Andika ombi fupi: je, kasma hii ipo kwenye makadirio, ndiyo au hapana, na ni kiasi gani?

Mbunge mwacheni mpaka Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni. Mpeni swali moja lililoandikwa tayari, la kuelekezwa TAMISEMI (wizara inayosimamia halmashauri) au Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye dhamana ya watu wenye ulemavu: lini serikali itatoa mwongozo wa kuajiri wasaidizi ngazi ya halmashauri? Mkimpa maswali saba atauliza la barabara.

Kasma ikipita, kazi haijaisha, maana kilichoandikwa kwenye makadirio si lazima kitoke. Kila robo, nenda kwa afisa ustawi na kwa mweka hazina, uliza kimetoka kiasi gani, andika kwenye daftari lenye tarehe na jina la aliyekujibu. Daftari hilo walishike wawili, na mmoja wao awe mtu atakayeishi kwenye nyumba hiyo.