Somo: Chimba kisima cha ufukweni kabla ya kununua membreni

Membreni, yaani utando wa kuchujia maji wenye vitundu vidogo mno: yangu ya kwanza iliuawa na mwani. Nilizamisha bomba ziwani, nikafunga katriji moja (kichujio cha kubadilisha), nikaona kazi imeisha. Maji ya Ghuba ya Mwanza yalipogeuka kijani, mtambo ukaziba. Siku hizi nachimba pembeni, mchanga uchuje kwanza. Wajerumani wa Düsseldorf wanavuta maji ya mto Rhine hivyo tangu 1870.

Hatua ya 1: Udongo. Mwanza ni mawe, ukigonga mwamba hamia kwingine. Loweka udongo kiganjani uufinyange. Ukishikana kama ugali, ni mfinyanzi; maji yatakuja kwa kudra tu.

Hatua ya 2: Kibali. Nenda Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria kabla hujagusa jembe. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wengi hulalamika; mimi naona umbali huo unaupa mchanga nafasi ya kufanya kazi.

Hatua ya 3: Chimba kiangazi, uteremke chini ya usawa wa ziwa. Shusha karavati (pete za zege), zungushia kokoto. Choo kiwe mbali, maana kisima hiki hakinywi ziwa peke yake, kinavuta na maji ya upande wa nchi kavu.

Hatua ya 4: Vuta taratibu. Ukivuta kwa pupa unaleta tope.

Hatua ya 5: Chuma. Hapa ndipo watu wanalia. Mchangani oksijeni ikiisha, madini ya chuma na manganizi huyeyuka. Maji yanatoka maangavu, ukiyaacha kwenye ndoo yanageuka rangi ya kutu, na kutu hiyo ndiyo itakayoganda kwenye membreni. Yamwage kwa kurusharusha yapate hewa, yatulie, kisha yapitishe kwenye chujio la mchanga.

MASWALI

Mvuvi wa Igombe: Mkuu, ziwa letu si la chumvi. Membreni ya kuondoa chumvi ya nini?

Jibu: Kweli, ziwani huihitaji. Ultrafiltresheni, membreni yenye vitundu vikubwa kidogo, inatosha kuzuia mwani na bakteria. Osmosisi rejea, ile membreni ya kuondoa chumvi, waachie wenye visima vya chumvi au floridi. Mchanga hauondoi chumvi, usije ukadanganywa.

Mama Lishe Kirumba: Nitie klorini kisimani kuua vijidudu?

Jibu: Mama, kama una osmosisi rejea, hapana. Membreni zake nyingi ni za poliamidi (aina ya plastiki), klorini inazila. Itie kwenye tenki la maji yaliyokwisha kuchujwa.

Fundi Magu: Ndoo yangu imegeuka kutu, na membreni nimeshanunua.

Jibu: Iache kwenye boksi, kaka. Anza na hewa.